Mpira Wenye Saini Ndani ya Soksi: Mwongozo Kamili wa Kuufuatilia Mpira wa Besiboli wa Kale na Historia ya Familia Yake

Mpira ulikuwa ndani ya soksi ya sufu, kwenye droo ya chini ya kabati la mama mkwe wangu, umelazwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa na karatasi za mazishi. Aliuweka mkononi mwangu akasema, "Huu ni wa baba. Alipewa siku Brooklyn ilipochukua ubingwa."

Siku hiyo inajulikana. Ni tarehe 4 Oktoba 1955, mechi ya saba ya fainali za besiboli za Marekani, mrushaji kijana Johnny Podres alipowanyima New York Yankees hata pointi moja na Brooklyn Dodgers wakashinda 2–0. Ndio ubingwa pekee wa fainali hizo ambao Dodgers waliupata wakiwa Brooklyn, kabla ya kuhamia Los Angeles kwa msimu wa 1958. Kwa familia ya mke wangu, watu weusi waliotoka Carolina Kusini kutafuta maisha kaskazini, timu hiyo ilikuwa zaidi ya timu. Ndiyo iliyomwingiza Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya ishirini, uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, na ndiyo iliyoanza mechi moja Julai 1954 ikiwa na wachezaji weusi watano kati ya tisa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kuonekana katika ligi kuu.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua mpira ule ulitoka wapi. Wengi wetu tuliooa au kuolewa huku Marekani tutakutana na kitu kama hiki siku moja, kwenye dari ya nyumba au chini ya kitanda cha mzee aliyefariki, na ndugu watatugeukia kwa sababu sisi ndio "watu wa kompyuta". Nimeandika njia yote niliyopita, pamoja na mahali nilipokosea.

Hatua ya kwanza: uweke chini

Usiupitishie kitambaa chenye maji, wala sabuni, wala mafuta ya ngozi. Usikubali mtu yeyote achukue kalamu na "kukoleza" jina lililofifia. Jina lililopitiwa upya limekufa, na hakuna fundi anayeweza kulifufua. Zamani watu waliipaka mipira yao shelaki au vanishi wakidhani wanailinda. Baada ya miaka vanishi hugeuka rangi ya asali, kisha hupasuka na kubanduka pamoja na wino. Ukiukuta umeshapakwa, uache hivyo hivyo.

Osha mikono, ikauke kabisa, au vaa glavu za hospitali zisizo na unga. Tandika taulo safi mezani karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Piga picha kila upande, ukizungusha mpira kidogo kidogo, na kando yake uweke rula. Mpira wa ligi kuu una mzingo wa sentimita 23 hivi na uzito wa gramu 142 hadi 149, kwa hiyo hata mzani wa jikoni utakuambia kama ulichoshika ni mpira halisi au kichezeo cha watoto.

Piga picha soksi pia. Nasema hivi kwa sababu mimi niliitupa. Ilikuwa na nembo ya duka ndani ya pindo, na sasa sina namna ya kujua lilikuwa duka gani. Sanduku, gazeti lililofungiwa, utepe, kipande cha karatasi chenye namba ya simu, vyote hivyo ni sehemu ya mpira.

Hatua ya pili: wazee kabla ya wataalamu

Hapa ndipo watu wengi hukosea mpangilio. Wanakimbilia kwa mthamini, wanasubiri jibu miezi miwili, na katika miezi hiyo mzee wa mwisho aliyemwona babu akiingia na mpira anafariki. Ngozi na wino vinaweza kusubiri. Mtu wa miaka 80 na ushee hawezi.

Nenda na simu yenye nafasi ya kutosha kurekodi. Omba ruhusa waziwazi, useme sauti itahifadhiwa kwa ajili ya wajukuu. Usianze na swali la mpira. Anza na nyumba: mliishi mtaa gani, ghorofa ya ngapi, nani alilala chumba kipi, baba alitoka kazini saa ngapi. Mtu akishaiona nyumba, vitu vya ndani ya nyumba hujitokeza vyenyewe. Halafu mpe picha ya mpira, siyo mpira wenyewe, unyamaze.

Usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Miaka huchanganyika kichwani mwa kila mtu. Uliza kama tunavyowauliza wazee wetu nyumbani, ambao hawakuandikiwa tarehe za kuzaliwa lakini wanajua walizaliwa mwaka wa njaa fulani au mafuriko fulani. Tafuta tukio la kushikilia. Je, fulani alikuwa ameshazaliwa? Mlikuwa mmeshahama? Ilikuwa kabla ya harusi ya nani?

Mama mkwe alikuwa na miaka minne mwaka 1955, kwa hiyo alichonipa kilikuwa hadithi aliyoisikia. Dada yake mkubwa, ambaye mke wangu humwita mama mkubwa, alikuwa anatimiza miaka 12. Nilimkalisha kwa saa mbili. Kwenye dakika ya hamsini hivi, akizungumzia keki, akasema: "Baba aliuweka ule mpira katikati ya meza siku yangu ya kuzaliwa, akakataza mtu yeyote asiuguse." Siku yake ya kuzaliwa iko Mei. Ubingwa ulikuwa Oktoba.

Sikumwambia kwamba anapingana na mdogo wake. Usimsahihishe mzee akiwa katikati ya kumbukumbu, atafunga mlango. Niliandika tu pembeni: Mei?

Zungumza na kila mmoja peke yake kwanza. Ndugu wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa huandika historia ya wote.

Hatua ya tatu: wino au chapa

Viwanja vya besiboli vimeuza kwa miaka mingi mipira ya ukumbusho yenye saini za timu nzima zilizopigwa chapa kiwandani. Familia nyingi huitunza kwa imani kamili. Chukua lenzi ya kukuzia mara kumi. Saini ya mkono ina mahali kalamu ilipoanza, mara nyingi kijinundu cha wino, na mahali ilipochomoka. Mistari ikikatana, utaona mmoja umepita juu ya mwingine. Wino hukolea hapa na kupungua pale, na majina mbalimbali hutofautiana rangi kwa sababu kalamu zilibadilishwa. Kwenye chapa kila jina lina rangi ileile, unene uleule, na ukingo usio na uhai.

Ukiona ni chapa, mwambie mwenye mpira kwa upole. Bado babu aliununua uwanjani, bado aliuleta nyumbani, na hatua ya pili na ya saba bado zinakuhusu.

Hatua ya nne: soma muhuri

Mpira rasmi wa ligi una jina la mtengenezaji na jina la rais wa ligi. Hiyo ndiyo kalenda yako ya kwanza. Ligi kuu ina pande mbili, Ligi ya Taifa, ambamo Dodgers walicheza, na Ligi ya Marekani. Ligi ya Taifa ilikuwa na John Heydler kuanzia 1918 hadi 1934, Ford Frick 1934 hadi 1951, Warren Giles 1951 hadi 1969, Chub Feeney 1970 hadi 1986. Upande wa Ligi ya Marekani: Ban Johnson 1901 hadi 1927, Ernest Barnard 1927 hadi 1931, William Harridge 1931 hadi 1959, Joe Cronin 1959 hadi 1973, Lee MacPhail 1974 hadi 1983. Spalding alitengeneza mipira ya Ligi ya Taifa hadi 1976, na Rawlings akachukua ligi zote mbili kuanzia 1977. Mwaka 2000 ligi hizo ziliacha kuwa na marais wake, na mpira ukawa mmoja.

Ngozi yenyewe nayo husema. Ilikuwa ya farasi hadi 1974, ndipo ya ng'ombe ikaruhusiwa. Mishono ni 108 ya nyuzi mbilimbili, na leo yote ni myekundu, lakini hadi katikati ya miaka ya 1930 ungekuta nyekundu imechanganywa na nyeusi au buluu.

Muhuri unakupa mwaka wa mapema kabisa ambao mpira ungeweza kusainiwa. Haukupi mwaka wa mwisho, maana mtu anaweza kununua mpira wa zamani na kuusainisha miaka thelathini baadaye. Kinyume chake hakiwezekani: jina la mchezaji aliyefariki 1948 kwenye mpira wa Giles ni uongo, hata mwenye mpira awe mtu mwaminifu kiasi gani. Babe Ruth, nyota ambaye saini yake hutafutwa sana, alifariki Agosti 1948. Nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya maandishi yake bila kugeuza mpira kuangalia muhuri.

Wetu ulikuwa Spalding, Giles. Kwa hiyo 1951 au baadaye.

Hatua ya tano: majina yanayofungua na majina yanayofunga

Kazi hii niliipenda kuliko zote. Andika kila jina unaloweza kulisoma kwenye karatasi, na mbele yake tarehe mchezaji alipojiunga na timu na alipoondoka. Rekodi hizo zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baseball-Reference, na za mechi moja moja kwenye Retrosheet. Kila aliyejiunga anafungua mlango. Kila aliyeondoka anaufunga. Mpira ulisainiwa katika kipindi ambacho wote walikuwa chini ya paa moja.

Anza na pale mishono miwili inapokaribiana zaidi na kuacha uwazi mwembamba wa ngozi. Kwenye mpira wa timu, desturi ilikuwa kumwachia kocha nafasi hiyo. Kwetu palisomeka Walter Alston, aliyeanza kuifundisha Dodgers 1954. Mlango ukasogea kutoka 1951 hadi 1954. Jackie Robinson alicheza msimu wake wa mwisho 1956, na huo ukawa ukomo wa upande wa pili. Jina la Don Drysdale, mrushaji aliyeanza 1956, halikuwepo. Jina linalokosekana ni dokezo dhaifu, kwani mtu anaweza kuwa alikuwa bafuni, lakini liandike.

Kisha nikamkuta Sandy Koufax, kijana wa Brooklyn aliyesaini mkataba Desemba 1954. Na kando ya mshono, kwa wino uliofifia, Joe Black.

Joe Black ndiye mrushaji mweusi wa kwanza kushinda mechi ya fainali za ubingwa, mwaka 1952. Tarehe 9 Juni 1955 Dodgers walimpeleka Cincinnati. Koufax hakuwepo kabla ya 1955; Black hakuwepo baada ya tarehe 9 Juni. Basi mpira ulisainiwa kati ya kambi ya mazoezi ya mwaka huo, kule Vero Beach, Florida, na siku Black alipofungasha mizigo. Oktoba haiwezekani. Mei ya mama mkubwa inaingia ndani sawasawa.

Nilikaribia kuharibu hapa. Niliangalia tarehe ya mechi ya kwanza ya Koufax, nikakuta 24 Juni 1955, wiki mbili baada ya Black kuondoka. Nikawaambia ndugu kwamba mpira ni wa kughushi, kwa kuwa watu hao wawili hawakukutana. Nilikosea, na mama mkwe alilala siku mbili akiwa na huzuni isiyo na sababu. Mechi ya kwanza siyo siku ya kujiunga. Koufax alikuwa na timu tangu kambini, akaumia kifundo cha mguu, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi. Tafuta daima tarehe ya kuingia kambini au kwenye orodha ya timu, na usitangaze hukumu kwa ndugu kabla hujalala nayo usiku mmoja.

Hatua ya sita: kalamu

Bolpeni zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Kabla ya hapo ilikuwa kalamu ya wino ya ncha ya chuma. Makapeni za aina ya Sharpie zilitoka 1964, na wino wake husambaa ndani ya ngozi kama mafuta kwenye karatasi. Timu ya 1955 kwa makapeni ni tatizo, isipokuwa wachezaji walisaini wakiwa wazee.

Mwili wa mchezaji nao hubadilisha mwandiko. Roy Campanella, mdakaji wa Dodgers, alipata ajali ya gari Januari 1958 akapooza. Saini yake iliyonyooka, ya mkono wenye nguvu, ni ya kabla ya usiku ule.

Hatua ya saba: makaratasi ya familia

Sasa rudi kwa babu mwenyewe. Swali ni moja: aliwezaje kuwafikia watu hawa? Mpira wa mtu aliyesimama nje ya lango akisubiri una majina matatu au manne. Wetu ulikuwa na 22. Huyo alikuwa na njia ya kuingia ndani.

Sensa ya Marekani hufungwa kwa miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, na inatafutwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya nchi hiyo. Inaandika jina, umri, mahali pa kuzaliwa, kazi na aina ya biashara. Tulimkuta babu na mkewe mtaani kwao Brooklyn, na kwenye safu ya kazi: dereva, dobi. Nilipomsomea mama mkubwa kwa simu, alicheka kwa furaha. Alikuwa amesahau. Baba yake alikuwa akiwapelekea Dodgers taulo.

Maktaba ya Umma ya Brooklyn imeweka mtandaoni gazeti la Brooklyn Daily Eagle, na ni bure. Ila gazeti hilo lilikoma Januari 1955, baada ya mgomo, kwa hiyo usipoteze wiki ukitafuta habari za ubingwa humo. Kama mzee wenu alikuwa jeshini, jiandae pia kwa pengo: moto wa Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza mamilioni ya faili za askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960. Kukosa faili hakumaanishi hakutumikia.

Hatua ya nane: sasa mpelekee mtaalamu

Makampuni yanayotambulika zaidi kwa saini ni PSA, JSA na Beckett. Barua yao ni maoni ya watu wenye uzoefu na mifano mingi ya kulinganisha. Siyo hukumu ya mahakama, lakini sokoni ndiyo inayosikilizwa. Cheti cha dukani kilichosainiwa na muuzaji mwenyewe hakikusaidii. Miaka ya 1990 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliendesha operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya mtandao wa kughushi kule California, na miongoni mwa vitu vya uongo kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Viliuzwa vikiwa na vyeti.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi ya kughushi kwa ajili ya pesa. Wachezaji mashuhuri waliletewa mipira mingi kila siku, na mara nyingi wahudumu wa chumba cha kubadilishia nguo waliwasainia. Hawakuwa wakimwibia mtu. Walikuwa wakimaliza kazi. Dodgers wa miaka ya 1950 wanajulikana kwa hilo. Barua tuliyopata ilisema majina 19 ni ya wenyewe, na matatu yameandikwa na mkono mmoja. Mojawapo ya hayo matatu ni la Jackie Robinson.

Mama mkwe aliisoma, akaniuliza, "Lakini mpira ulikuwa chumba kile?" Nikamjibu ndiyo, bila kuwa mle ndani mhudumu asingeushika. Akaikunja barua akairudisha ndani ya bahasha.

Bima ya kawaida ya nyumba mara nyingi huweka kikomo kidogo kwa vitu vya aina hii. Uliza kama unahitaji nyongeza. Na kama mpira umerithiwa, pata makadirio ya maandishi ya thamani yake kwa tarehe ya kifo cha aliyeuacha. Ukija kuuzwa, kodi ya Marekani huhesabu faida kuanzia thamani ya siku hiyo, siyo kuanzia sifuri.

Hatua ya tisa: makazi yake

Giza, ubaridi wa kawaida wa chumba, na unyevunyevu usiopanda na kushuka. Asilimia 40 hadi 50 inatosha. Jua ndilo adui mkubwa wa wino, na taa za onyesho hufuata. Tumia kisanduku cha akriliki ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi. Epuka plastiki laini yenye harufu, dari ya nyumba, na chumba cha chini ya ardhi. Usiufunge kwa gazeti. Ukitaka kuuona kila siku, chapisha picha kubwa uitundike sebuleni, kama tulivyofanya sisi.

Hatua ya kumi: faili

Andika kurasa mbili, zisizidi. Ukurasa wa kwanza: mpira ni upi, muhuri, majina kwa mpangilio, kipindi ulichosainiwa na kwa nini. Ukurasa wa pili: nani alikuwa nao tangu lini, na kila mwenye hadithi aandikwe kwa maneno yake, hata pale hadithi zinapogongana. Sikuifuta Oktoba ya mama mkwe. Iko pale, chini yake Mei ya dada yake, na chini ya zote mbili Joe Black na tarehe 9 Juni. Weka saini za walio hai, wakiapa mbele ya mthibitishaji wa hati kama inawezekana. Mnunuzi wa kesho, au makumbusho, watauliza hilo kabla ya jingine lolote. Taja kwenye wosia nani anaupokea, kwa jina, kwa kuwa mpira haugawanyiki.

Sauti ya mama mkubwa tumeiweka kwenye diski mbili, moja kwetu na moja kwa binamu huko Georgia. Ndani ya sanduku, chini ya kisanduku cha akriliki, kuna picha ya keki ya Mei 1955 ambayo yeye mwenyewe aliipata baadaye kwenye albamu. Kando ya keki, katikati ya meza, kuna kitu cheupe cha mviringo, na nyuma yake mkono wa mwanamume umeinuliwa kumkataza mtu.